Claire wa Outlander: ni msaliti wa ndoa, au ni mke aliyepotea?

MchambuaKarafuu, Mtambwe, Pemba

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina suali lililoanzia kwenye tamthilia likaja kuishia ndani ya nyumba yetu, kwa hiyo naomba anayejibu ajibu kama anamjibu dada yake.

Mwaka huu karafuu zimezaa vizuri huku kwetu. Mchana zinachumwa, usiku sisi wanawake tunakaa ukumbini kuzichambua, karafuu upande huu, makonyo, vile vikonyo vyake, upande ule. Vidole vinaijua kazi, macho hayana shughuli. Basi wifi yangu akaleta kompyuta ya mwanawe na flashi iliyopakiwa Outlander, ile tamthilia ya Uskoti iliyoanza kuoneshwa mwaka 2014. Tuko watano kila usiku. Kiingereza tunafasiriwa na huyo mtoto, yuko kidato cha nne, na pale penye mambo ya chumbani tunaruka mbele.

Kwa asiyeijua: Claire ni nesi wa vita vikuu vya pili. Mumewe, Frank, naye alikuwa jeshini, na vita viliwatenga miaka. Mwaka 1945 vita vimekwisha, wanakwenda Inverness kutulia na kujuana tena. Claire anapanda peke yake kilimani penye mawe marefu yaliyosimamishwa duara, panaitwa Craigh na Dun, anagusa jiwe moja, anazinduka yuko mwaka 1743. Mtu wa mwanzo kukutana naye ana sura ya Frank, kumbe ni babu yake Frank wa zama hizo, kapteni wa jeshi la Kiingereza, mtu katili kupita kiasi. Wote wawili wameigizwa na mtu mmoja, Tobias Menzies. Hilo lilinikaa sana moyoni: mke anamkimbia mtu mwenye uso wa mumewe.

Kapteni anamtaka Claire kwa mahojiano, na njia pekee ya kumkinga ni aolewe na Mskoti. Anaozeshwa Jamie. Alikubali, lakini hiari gani ile ya mtu aliyebanwa ukutani?

Sasa ngoja niwaambie nilichokiona mimi. Mkono wa kushoto Claire amevaa pete ya Frank, ya dhahabu. Mkono wa kulia amevaa pete ya Jamie, iliyofuliwa kutoka kwenye ufunguo wa nyumba ya kwao. Hakuivua ya mwanzo. Kuna pahala ile ya dhahabu inamponyoka inakwenda kwenye ufa wa sakafu, na yeye anaihangaikia kama anayetafuta mtoto. Nilisahau kuchambua, mkono wangu ulibaki juu na karafuu ndani ya kiganja.

Halafu kuna siku anayaona yale mawe kwa mbali, anakimbia kuyafuata. Upande wa pili, miaka mia mbili mbele, Frank amesimama hapo hapo analiita jina lake, na kila mmoja anaisikia sauti ya mwenzake. Anabakisha kidogo tu kufika, askari wanamkamata. Mimi nililia. Wifi yangu hakulia.

Tukafika sehemu ya kumi na moja. Claire amemwambia Jamie ukweli wote. Jamie mwenyewe anampeleka kwenye mawe, anamwambia rudi kwenu, anamwacha. Anakaa pale peke yake na pete zake mbili. Usiku anaonekana kwa Jamie. Hakwenda.

Wifi yangu akatupa makonyo aliyoshika. "Mzinifu huyo. Mwanzo alikuwa hana njia, nikamstahamilia. Leo kafunguliwa mlango na kaukataa." Mimi nikasema alijaribu, alikimbia, alikamatwa, na mtu hahukumiwi kwa moyo wake. Tukajibizana mpaka watoto wakaamka. Ndipo akaniambia mbele ya wenzetu: "Ndiyo maana unamtetea. Kaka yangu yuko Maskati, na wewe unajitayarishia maneno."

Mume wangu ana mwaka wa tatu Oman. Hupiga simu kila Ijumaa baada ya sala, na masurufu huleta, mwezi mwengine yanachelewa lakini huleta. Wallahi sijamtazama mwanamme mwengine. Tangu usiku ule tunachambua kila mtu na jamvi lake.

Suali langu: mke aliyetenganishwa na mumewe kwa jambo asiloweza kulivuka, akapenda kwengine, ni usaliti? Na kama si usaliti siku ya mwanzo, unaanza siku gani? Tumeshamaliza msimu wa pili, kwa hiyo najua kuwa alirudi mwaka 1948 na mimba ya Jamie, na Frank akampokea.

---

KomboWaMichenzani

Dada yangu, mie nitasema wazi. Wifi yako yuko sawa kuhusu Claire na amekosea sana kukuhusu wewe. Ndoa ni ahadi, na ahadi huwa na kazi siku mwenzako hayupo. Akiwepo mbele yako ahadi ya nini? Claire alikumbuka ahadi mpaka mawe yalipofunguka, kisha akaisahau.

Halafu mbele huko utaona Jamie naye ameoa mke mwengine, Laoghaire, na hakumwambia Claire mpaka yule mwanamke alipoingia mlangoni na mabinti zake. Angekuwa mwanamme wa kwetu angesema ana mke mwengine yakaisha, kwa sababu ukewenza una utaratibu wake. Wao hawana, ndiyo ikawa siri, na siri ndiyo iliyomfanya Laoghaire ampige Jamie bastola.

---

AbuuNasra, Mjini

Wa alaykumu salaam. Claire ana dini yake na sheria za kwao, simhukumu kwa za kwetu. Lakini suali lako ni la zamani kuliko televisheni, na wanazuoni wamelitolea jasho.

Mume akipotea, haijulikani yuko hai au amekufa, mkewe afanye nini? Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alihukumu asubiri miaka minne, kisha akae eda ya kufiliwa, miezi minne na siku kumi, ndipo aweze kuolewa. Imam Shafi, ambaye huku Zanzibar wengi wetu tunafuata madhehebu yake, ana kauli mbili: ya kale inakubaliana na hukumu hiyo ya Umar, na ya baadaye inasema asubiri mpaka ipatikane yakini. Na wakajiuliza tena: mume wa mwanzo akitokea mke ameshaolewa? Imepokewa kutoka kwa Umar kwamba yule wa mwanzo apewe hiari, amchukue mkewe au arejeshewe mahari. Tazama walivyoona mbali. Walijua siku moja mtu atapiga hodi.

Kwa Claire mambo yamegeuka, aliyepotea ni mke. Frank hakuwa na eda ya kukaa, na angetaka kuoa angeoa. Hakuoa. Na huko 1743 Frank hajazaliwa; mume ambaye hajazaliwa hana mke wa kudai. Hapo tamthilia imemwondolea mwanamke huyu kosa kwa hila ya wakati, kisha ikamrejeshea kosa lote siku aliyopewa hiari kwenye mawe.

Wewe lakini si mke wa aliyepotea. Mtu anayepiga simu kila Ijumaa anajulikana alipo. Kwa hiyo usijipime kwa Claire, wala wifi yako asikupime. Jengine, na hili uliweke: Umar huyo huyo alimuuliza binti yake Hafsa, mwanamke anaweza kustahamili muda gani bila ya mumewe. Akajibiwa miezi minne, na riwaya nyengine zinasema sita, akaamrisha askari wasizuiliwe vitani zaidi ya hapo. Miaka mitatu ni mingi. Una haki ya kumwambia mumeo arudi au akupeleke, na hiyo si dalili ya moyo mbaya. Siku masurufu yakikatika, na nakuombea yasikatike, mlango wa kadhi uko wazi.

---

MchambuaKarafuu, Mtambwe, Pemba

Abuu Nasra, Allah akulipe. Hilo la miezi minne nimelisoma mara tatu. Sikuwahi kuambiwa na mtu kwamba kumtaka mume wangu arudi ni haki yangu. Mimi kila akiuliza "vipi huko" namwambia "shwari tu", naona nikisema zaidi nitakuwa namvunja moyo na yeye yuko kazini.

Kombo, umenihadithia ya mbele, lakini nimekusamehe.

---

BiMkubwaWaChake

Wanangu, mimi nimeiangalia yote hiyo na mjukuu wangu, na nashangaa hamjasema kitu kimoja. Rudini sehemu ya mwanzo kabisa. Usiku wa mvua, Frank anarudi nyumbani, anamkuta mtu wa Kiskoti na mavazi yake ya kale amesimama barabarani anaangalia juu dirishani. Na dirishani ni Claire, anachana nywele. Frank anamsemesha, yule mtu anatoweka.

Mimi nilimwambia mjukuu wangu pale pale: huyu mwanamke ameshapendwa. Mzee aliyenilea hakutuachia kuchana nywele dirishani magharibi ikiingia, na hakuwa anatutisha bure, aliyaona. Kwetu Pemba mwenye jini mahaba hutambulikana. Huchukia kulala na mumewe bila ya sababu. Huota mtu mzuri kuliko walio duniani. Hupotea kwa mawazo na wewe unazungumza naye. Mume anabaki anajiuliza amekosea nini.

Sasa mtazameni Claire aliporudi kwa Frank, wakahamia Boston, Marekani. Vitanda viwili chumba kimoja. Mume mwema, hana ubaya wowote, analea mtoto asiyekuwa wake, na mke anamwangalia kama anaangalia ukuta. Ukiitazama hadithi hii kwa upande wa Frank, hakuna tamthilia ya mapenzi hapo, pana nyumba iliyoingiliwa. Walioiandika wametuweka upande wa anayependwa na asiyeonekana, wakampa uso mzuri na mabega mapana, na sisi tukamtamani. Kwetu mwanamke kama yule alisomewa, akapikiwa kombe, akafukizwa udi, na mama zake wakakesha naye. Frank hakuwa na wa kumsaidia. Alichoma zile nguo za Claire alizotoka nazo huko, basi, akadhani yamekwisha.

Simlaumu Claire. Mwenye jini halaumiwi. Lakini Frank namlilia mpaka leo.

---

DerevaMaskati

Nimesoma haya niko kwenye gari, nasubiri mzigo. Mie ni mtu wa Unguja, mwaka wa sita niko hapa, mke wangu yuko Bububu na watoto wawili.

Kwenye Outlander mimi sikumtazama Jamie hata kidogo. Nilimtazama Frank pale anapokwenda polisi, kila siku anakwenda, na wale askari wanamwambia bora akubali tu, mkeo ameondoka na yule mwanamme aliyeonekana chini ya dirisha. Yeye anakataa. Niliizima simu nikatoka nje. Mtu akiwa mbali kuna sauti inayomwambia hivyo hivyo kila usiku, na si lazima iwe ya polisi. Inakuwa ya rafiki, ya jirani, ya dada yake mwenyewe aliyebaki nyumbani.

Dada wa Mtambwe, sikiliza. Claire na Frank walitengwa na miaka mia mbili. Huku na kwetu pana saa moja tu, sisi tumetangulia. Saa moja! Na bado mke wangu akisema "shwari tu" mimi najua si shwari, na sijui niulize nini. Hicho ndicho kinachonimaliza. Siku aliyoniambia kwa kulia kwamba bati la jikoni linavuja, mtoto mdogo ana homa na amechoka kulala peke yake, nilihuzunika, lakini nililala usingizi mzuri kuliko usiku wowote wa mwaka ule. Nilijua niko naye.

Mwambie mumeo wewe mwenyewe yale aliyokwambia wifi yako, kabla hajayasikia kwengine.

---

Khadija_W

Sikutaka kuandika, ila Abuu Nasra amesema "mtu atapiga hodi".

Mama yangu mdogo alifiwa na mumewe kwenye meli iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikija Pemba. Maiti haikuonekana. Watu wakamwambia akae kizuka, yaani eda ya kufiliwa, akakataa. Alisema nikikaa kizuka nitakuwa nimemuua mimi. Kila gari ikisimama njiani alikuwa anatoka mlangoni. Alikuwa anamwekea chakula sahani yake, kinafunikwa kawa, asubuhi kinapewa kuku. Ilimchukua muda mrefu, mpaka wazee na shekhe walipozungumza naye, ndipo akavaa nguo za kizuka akahesabu miezi yake minne na siku kumi.

Baadaye alikuja mtu kumposa, akakubali. Wapo waliosema maneno kama ya wifi yako. Ila mnataka kujua ndoa hiyo imesimama kwa nini? Marehemu aliacha kofia moja ya mkono, mama mdogo aliishona mwenyewe walipochumbiana. Iko kabatini. Na huyu mume wa sasa ndiye anayekumbusha: "Ile kofia ya mwenzangu imeanza kugeuka rangi, ifue uitie wanga." Humwita mwenzangu.

Nilipomuona Frank anachoma zile nguo nilisema, hapana baba, usichome. Mwache azikunje aziweke. Nafikiri Frank alimpokea mke na mimba kwa wema mkubwa, lakini akamtaka asimtafute wala asimtaje yule mwengine maisha yake yote. Miaka inapita na mtu wa tatu yuko mezani pao, na hakuna anayeruhusiwa kumtaja.

---

MchambuaKarafuu, Mtambwe, Pemba

Nimechelewa kurudi, mvua ilitukatisha, karafuu zilikuwa nje na tulihangaika kuzianua.

Khadija, hadithi ya kofia niliisoma kwa sauti ukumbini. Mimi pia hushona kofia msimu wa karafuu ukimalizika, na najua ni miezi mingapi ya macho ya mtu inakaa ndani ya kofia moja. Hakuna aliyesema kitu baada ya hapo.

Ijumaa mume wangu alipiga. Akaniuliza vipi huko. Nikamwambia si shwari. Nikamweleza yote, Claire na mawe yake, makonyo yaliyotupwa, na neno nililoambiwa. Nikamwambia pia kwamba nimechoka, na kwamba nataka arudi, na kwamba nimesoma kuwa ni haki yangu kumtaka. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akaniuliza: "Na huyo Frank, alikuwa akimpenda mkewe?" Nikasema sana. Akasema: "Basi kwa nini hakuingia na yeye kwenye jiwe?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia mawe hayapokei kila mtu. Akasema atazungumza na tajiri wake kuhusu likizo, na safari hii hakusema inshallah kwa haraka kama anavyosema siku zote.

Suali langu nimelijibu mwenyewe kwa msaada wenu, ingawa Kombo najua hutakubali. Kwenye mawe Claire alichagua, na aliyechagua kavunja, hapo wifi yangu namkubalia. Lakini kilichomkosea Frank zaidi mimi nakiona Boston, ile miaka yote ya kukaa naye meza moja na kumwambia "shwari tu".

Jana usiku wifi yangu alikuja na jamvi lake akalitandika kando ya langu. Hakutaja lolote. Tulikuwa tumefika pale Frank anapopata ajali ya gari, na Claire, ambaye sasa ni daktari, anaingia chumbani hospitali kumuaga. Nikasikia makonyo yameacha kuanguka. Nilipogeuka, wifi yangu alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, na mkono mmoja umeshika mkono wangu.